Freddy Ilanga: mwalimu wa Kiswahili aliyebaki Kuba

Jina la Fizi likitajwa mbele ya wageni, jina linalofuata mara nyingi ni la Che Guevara. Mimi ni mtu wa Baraka, na tangu nijiunge na kitivo hiki nimeulizwa habari za Che mara nyingi kuliko nilivyoulizwa habari za Ziwa Tanganyika au za Wabembe wanaoishi kando yake. Sina ubishi na swali hilo. Lakini kando ya Che alikuwapo kijana mmoja wa Kikongo ambaye maisha yake yanatuhusu sisi wa kitivo cha lugha kuliko maisha ya Che mwenyewe. Aliitwa Freddy Ilanga. Kwa muda wa miezi saba, mwaka 1965, alikuwa mwalimu na mkalimani wa Che wa Kiswahili katika milima ya Fizi. Baada ya hapo alipelekwa Kuba, akasomea udaktari, akawa daktari wa upasuaji wa ubongo kwa watoto. Alifariki huko Kuba Novemba 2005. Alipoondoka nyumbani alikuwa kijana wa miaka kama 16.

Watu hawa wawili walibadilishana nafasi. Kwanza Che alikuwa mgeni kwetu, akimtegemea Freddy ili asikie na asikike. Kisha Freddy akawa mgeni katika nchi ya akina Che. Ugeni wa mmoja ulidumu miezi saba, wa mwingine miaka 40. Nikiwaweka pamoja naona jambo moja ambalo mazungumzo yetu juu ya wanafunzi wa kigeni hulipita haraka. Mwanafunzi akifika kutoka nchi nyingine, tunauliza kama amezoea: chakula, hali ya hewa, lugha ya darasani, marafiki. Akisha kuzoea tunahesabu kwamba kazi imekwisha. Maisha ya Freddy Ilanga yanaonyesha kwamba mtu anaweza kuzoea vizuri sana, akafaulu kuliko wote waliomtangulia, na bado akapoteza kitu ambacho hakuna chuo kinachoweza kumrudishia.

Vita vilivyomfikisha kwa Che

Ili kumwelewa Freddy lazima tuanze na hali ya mashariki ya Kongo wakati huo. Patrice Lumumba aliuawa Januari 1961, miezi michache tu baada ya uhuru. Wafuasi wake walichukua silaha mwaka 1964. Pierre Mulele aliongoza uasi wa Kwilu, upande wa magharibi. Mashariki, wapiganaji waliojulikana kama Simba waliteka sehemu kubwa ya nchi, na Agosti 1964 wakaingia Stanleyville, mji ambao leo unaitwa Kisangani. Novemba mwaka huohuo askari wa miavuli wa Ubelgiji, waliosafirishwa kwa ndege za Marekani, waliuvamia mji huo, na Simba wakaanza kurudi nyuma. Mwanzoni mwa 1965 ngome yao kubwa iliyobaki ilikuwa kwetu: milima ya Fizi, mwambao wa Baraka, na vijiji vya kusini kuelekea Kibamba. Nyuma yao lilikuwa ziwa, na ng'ambo ya ziwa ilikuwa Kigoma, ambako silaha na chakula vilipitia.

Laurent-Désiré Kabila alikuwa mmoja wa wakubwa wa uasi huo upande wa mashariki. Che alikutana naye Dar es Salaam Februari 1965, wakati wa ziara yake ndefu barani Afrika. Miezi miwili baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili, Che alivuka ziwa kutoka Kigoma pamoja na kikundi kidogo cha Wakuba, wakatua Kibamba. Wengine waliendelea kufika mpaka wakazidi 100.

Wakuba hao walipewa majina ya Kiswahili kwa kufuata hesabu. Kamanda wao kwa jina, Víctor Dreke, alikuwa Moja. José María Martínez Tamayo alikuwa Mbili. Che alikuwa Tatu. Daktari wao mmoja, Rafael Zerquera, aliitwa Kumi. Kwetu sisi wasomi wa lugha majina hayo yana utamu wake. Katika Kiswahili, tatu huwa inashikamana na kitu: watu watatu, vitu vitatu, siku tatu. Ikisimama peke yake ni hesabu tupu. Na kwa mtu wa pwani, Tatu ni jina la kawaida la binti. Aliyechagua majina yale alikuwa na kamusi mkononi, lakini hakuwa na jirani Mswahili wa kumuuliza.

Kuna jambo lingine ambalo hutajwa kwa nadra. Che alificha nafsi yake siku za mwanzo. Wapiganaji wa Kongo waliambiwa kwamba Tatu ni daktari, tena mkalimani wa Kifaransa wa Wakuba wenzake. Basi mtu aliyekuja kwa jina la mkalimani ndiye ambaye, baada ya muda mfupi, alihitaji kutafutiwa mkalimani.

Kwa nini Che alihitaji mwalimu

Kifaransa cha Che kilimtosha kuzungumza na viongozi waliokuwa wamesoma shule za Wabelgiji. Hakikumfikisha kwa wapiganaji wa kawaida. Katika kambi zile za mlimani kulikuwa na Wabembe, na watu wa makabila mengine ya Kongo, na Watutsi waliokimbia Rwanda ambao nao walipigana upande huo. Kila kundi lilikuwa na lugha yake. Kilichowaunganisha kilikuwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe hakikuwa kile cha kamusi. Watu wa Fizi husema mutu na mutoto pale ambapo vitabu huandika mtu na mtoto. Ugali wetu ni bukari, kisamvu chetu ni sombe. Na hapana, ambayo kwa mtu wa pwani ni jibu, kwetu huweza kusimama katikati ya sentensi na kufanya kazi ya kukanusha kitenzi au jina.

Che alikutana na hapana hiyo mapema. Mizigo ilipaswa kupandishwa mlimani kwa mabega, kutoka ufukweni mpaka kambi ya juu, na wapiganaji wengi hawakuipenda kazi hiyo. Walimjibu kwamba wao si motokari. Baadaye, uchovu na uchungu vilipoongezeka, walisema kwamba wao si Wakuba. Che aliyaandika maneno hayo katika kumbukumbu zake za Kongo, ambazo zilichapishwa zaidi ya robo karne baada ya kifo chake. Aliyakasirikia. Hata hivyo aliweza kuyakasirikia kwa sababu aliyaelewa, na katika kuyaelewa ndipo mwalimu wake alipokuwa na kazi.

Mwalimu huyo alikuwa Freddy. Wakubwa wake walimwamuru akae na Mzungu yule, amfundishe Kiswahili na amtafsirie. Hakuomba kazi hiyo, wala mwanzoni hakujua kwamba mwanafunzi wake ni nani. Aliona Mzungu mmoja mwenye macho ya kuchunguza watu. Hayo yalikuwa mazingira magumu kwa kijana wa Kongo ya mwaka 1965: vita vyenyewe vilikuwa na mamluki Wazungu upande wa pili, na uhuru ulikuwa wa juzi tu. Miezi ilivyokwenda mawazo yake yalibadilika. Alikuja kumheshimu Che kwa bidii yake ya kazi, na kwa sababu alimwona akiwaheshimu watu weusi sawasawa na alivyowaheshimu weupe.

Na tumwangalie Che kwa jicho la mtu anayejifunza ugenini. Alikuwa na miaka 36, mwenye shahada ya udaktari kutoka Buenos Aires, aliyekwisha kuwa waziri wa viwanda wa Kuba. Pumu ilimsumbua tangu utotoni, na homa za mwambao zikamwongezea. Katika hali hiyo alikaa chini kujifunza maneno kutoka kwa kijana ambaye angeweza kuwa mtoto wake. Kambini aliwaandalia Wakuba wenzake masomo ya Kifaransa, Kiswahili na elimu ya jumla. Agosti alitembelea Fizi na Baraka. Kwetu Baraka aliona mabaki ya mji uliokuwa na neema yake, pamoja na mashine ya kufungia pamba, vyote vikiwa vimeharibiwa na vita.

Hata hivyo tusimfanye mwanafunzi bora kupita kiasi. Miezi saba haitoshi kuijua lugha, na yeye mwenyewe aliondoka akijua kwamba hakuwafikia watu aliokuja kupigana pamoja nao. Lakini hebu tuhesabu alivyokuwa navyo: mwalimu wa kwake mwenyewe, wenzake zaidi ya 100 wa kusema nao Kihispania jioni, madaktari wa kwao, na boti za kumvusha siku mambo yatakapoharibika. Mgeni mwenye vitu hivyo vinne anaweza kustahimili mengi.

Safari iliyodhaniwa kuwa fupi

Masomo ya ng'ambo yalikuwa ndoto ya vijana wengi katika kambi zile. Wapo waliokuwa wamekwisha kupelekwa China na Bulgaria, na kundi moja lao liliporudi liliomba likizo kabla ya kwenda kwenye mapambano. Wengine walikuwa wakitafuta ufadhili wa kwenda kusoma nje wakati vita vikiendelea. Che aliudhika sana na mambo hayo. Aliona kwamba safari ya masomo imekuwa mlango wa kuikimbia kazi. Nakubali kwamba kwa kamanda aliye vitani lawama hiyo ilikuwa na msingi. Lakini kijana wa Fizi ambaye shule yake imefungwa, na ambaye haoni mwisho wa vita, akitafuta mahali pa kusoma, mimi siwezi kumwita mkimbiaji. Vijana wa namna hiyo wapo kwetu hata leo.

Freddy hakuwa miongoni mwa waliotafuta safari. Safari ilimkuta.

Mwishoni mwa Septemba 1965 majeshi ya serikali, pamoja na mamluki waliokuwa chini ya Mike Hoare, yaliushambulia mji wa Baraka kutoka ziwani. Wapiganaji waliulinda kwa siku kadhaa kabla ya kushindwa. Oktoba Fizi ikachukuliwa. Uasi ukabaki na ukanda mwembamba wa ufukwe na milima, nao ulikuwa ukipungua kila siku. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Novemba Wakuba walipanda boti Kibamba, wakarudi Kigoma. Boti zilikuwa chache, na wapiganaji wengi wa Kongo waliachwa ufukweni. Siku chache baadaye Mobutu alitwaa madaraka mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo.

Baada ya miezi ile saba, wakubwa wa Kuba walimpeleka Freddy Kuba. Yeye alidhani ni safari ya muda mfupi. Hapa ndipo maisha yake yanapoanza kufanana na ya wanafunzi wengi ninaowajua. Hakuna anayeondoka nyumbani akisema anakwenda miaka 40. Anasema anakwenda kumaliza masomo.

Mwanafunzi kabla ya wakati wake

Mtu aliyemfanya Freddy awe mtu wa lazima hakuwapo Kuba kumpokea. Che alibaki Dar es Salaam kwa miezi kadhaa, katika ubalozi wa Kuba, akiandika habari za Kongo. Kutoka hapo alipitia Prague, akarudi Kuba kwa siri, akaenda Bolivia mwishoni mwa 1966. Aliuawa kijijini La Higuera tarehe 9 Oktoba 1967. Katika Kuba nzima mwanafunzi mkuu wa Kiswahili cha Freddy alikuwa ni yeye. Lugha iliyompa Freddy heshima mlimani, lugha ambayo waziri mzima alimhitaji kwayo, haikuwa na soko Havana.

Ilimbidi aanze upya kwa Kihispania. Hapo huenda bahati ilimsaidia kidogo, na wanafunzi wa isimu wataona kwa nini. Kihispania kina irabu tano, nazo ni zilezile tano za Kiswahili: a, e, i, o, u. Mkazo wa neno mara nyingi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Mtu aliyepitia Kifaransa cha shule huyatambua maneno mengi kwa macho hata kama sikio linachelewa. Sarufi ndiyo inayomtesa. Mswahili amezoea kupanga nomino katika ngeli nyingi bila kuuliza jinsia. Akifika kwenye Kihispania anaambiwa kwamba meza ni ya kike na kitabu ni cha kiume, na hakuna wa kumweleza sababu.

Hata jina la nchi yake lilikuwa na maana nyingine kule. Karne nyingi kabla yake, watumwa waliochukuliwa kutoka mwambao wa magharibi wa Kongo walifikishwa Kuba, na wazao wao walihifadhi dini na maneno ya Kikongo. Kwa Mkuba, Kongo lilikuwa jina la kale la watu hao. Kijana wa maziwa makuu aliyesema ametoka Kongo aliweza kuhesabiwa kuwa ndugu wa kale, naye akawa hajui hata neno moja la lugha waliyodhani ni yake. Chakula kilikuwa na fumbo kama hilo. Wakuba wanakula muhogo, lakini huuchemsha mzizi na kuyaacha majani. Mtu wa Kivu akiona shamba la muhogo ambalo hakuna anayechuma sombe, anajua kwamba yuko mbali.

Nchi yenyewe ilikuwa na haja kubwa ya madaktari. Mapinduzi ya 1959 yalikuta Kuba ina madaktari wapatao 6,000, na karibu nusu yao walihama katika miaka iliyofuata. Serikali ilijibu kwa kusomesha vijana wengi kwa haraka na kwa gharama yake, na kwa kufungua shule mpya za udaktari nje ya Havana. Freddy aliingia katika wimbi hilo. Yalikuwa maisha ya kadi za mgao wa chakula, zilizoanza 1962, na ya kazi za kujitolea. Mwaka 1970 taifa zima, wanafunzi wakiwamo, lilihamasishwa kukata miwa ili kufikia tani milioni 10 za sukari, lengo ambalo halikufikiwa. Udaktari huchukua miaka mingi, na upasuaji wa ubongo huongeza mingine juu yake. Freddy aliipita ngazi yote hiyo kwa lugha aliyoianza akiwa karibu mtu mzima, mpaka akakabidhiwa vichwa vya watoto wa watu.

Inafaa kukumbuka kwamba alifika kabla ya mpango wowote mkubwa wa wanafunzi wa Kiafrika nchini humo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 maelfu ya vijana kutoka Msumbiji, Angola, Ethiopia na kwingineko walisoma katika Kisiwa cha Vijana, kusini ya Havana. Wao walikaa katika shule zilizopangwa kwa nchi, na walikuwa na baadhi ya walimu kutoka kwao, waliowafundisha lugha na historia ya nyumbani. Waliopanga shule zile walikuwa wameelewa kwamba mwanafunzi anasomeshwa ili arudi, na kwamba kurudi nako kunafundishwa. Freddy hakuwa na shule kama hiyo. Hakuwa na mwalimu wa kwao, wala kundi la wenzake. Na nchi iliyomtoa ilikuwa mikononi mwa watu aliowapiga vita.

Miaka arobaini

Wengine wanaweza kuuliza kwa nini hakurudi, au hata kuandika. Jibu liko katika tarehe.

Mobutu alitawala mpaka Mei 1997. Mwaka 1971 nchi iliitwa Zaire, hata jina la mahali pa kurudi likawa limebadilika. Mwaka 1975 Zaire na Kuba zilijikuta pande mbili za vita vya Angola. Barua kutoka Havana, kwa familia ya Kivu ya wakati huo, ingeweza kuwa balaa mlangoni. Fizi yenyewe haikutulia. Kabila aliendelea na uasi katika milima ileile, na mwaka 1975 watu wake walivuka ziwa na kuwateka vijana wanne watafiti huko Gombe, watatu Wamarekani na mmoja Mholanzi, wakawaleta upande wetu mpaka walipoachiliwa. Nalitaja tukio hilo kwa sababu nao walikuwa wasomi wachanga katika nchi ya kigeni. Dunia nzima ilijua walipo, na juhudi zikafanyika warudishwe kwao. Freddy alikuwa mwaka wa kumi Kuba wakati huo, na hakuna serikali iliyokuwa ikimtafuta.

Mwaka 1996 vita vilianza tena kwetu Kivu ya Kusini. Watu wengi wa Fizi na Baraka walivuka kwenda Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa kwa ajili yao. Mwaka uliofuata Kabila akawa rais. Mtu angedhani kwamba sasa mlango wa Freddy umefunguka, kwa kuwa mkubwa wake wa zamani ameshika nchi. Lakini Agosti 1998 vita vya pili vilizuka, na Bukavu na mashariki yote ikakatwa kutoka Kinshasa. Kabila aliuawa Januari 2001. Serikali ya mpito ya kuunganisha nchi iliundwa katikati ya 2003.

Ni mwaka huohuo wa 2003 ambapo Freddy na jamaa zake walipatana tena. Alikuwa amekaa karibu miaka 38 bila kujua nani yuko hai. Alikuwa daktari mzee, mwenye jina lake, na maisha yake yote ya utu uzima yalikuwa yamepita kwa Kihispania. Miaka miwili baadaye akafariki. Katrin Hansing alitengeneza filamu fupi ya maisha yake iliyotoka 2009, na kwa filamu hiyo wengi wamejua kwamba Che aliwahi kuwa na mwalimu wa Kiswahili, na kwamba mwalimu huyo alikuwa na maisha yake mwenyewe.

Yanayotuhusu hapa kitivoni

Kwa vipimo tunavyovitumia, Freddy Ilanga ni mwanafunzi wa kigeni aliyefaulu kabisa. Alijua lugha ya nchi. Alipata shahada na ubingwa ambao wenyeji wengi hawaupati. Alikuwa na kazi yenye manufaa kwa watu waliomsomesha. Ukimpelekea fomu ya kupima jinsi mtu alivyozoea, angepata alama zote. Na mama au baba, kaka au dada, walikaa miongo minne bila habari zake.

Najua kwamba mambo yaliyomfunga yeye yalikuwa makubwa: vita baridi, Mobutu, mipaka. Sisi tuna simu mfukoni. Lakini baadhi ya wenzangu kutoka Fizi, Uvira na Bukavu, waliotawanyika katika vyuo vya Bujumbura, Kigoma, Dar es Salaam na Kampala, wako kwenye njia ya Freddy kwa hatua ndogondogo. Barabara ya kwao haipitiki kwa sababu ya makundi yenye silaha. Likizo mbili zinapita, kisha tatu. Hati ya kusafiria inaisha muda na kuitengeneza ni gharama. Anayelipa ada ni mjomba, na mwanafunzi anaogopa kumpigia simu kabla ya kuwa na habari njema. Kidogo kidogo anazoea. Anaacha kusema bukari, anaacha kusema sombe, kwa sababu darasani walicheka. Mwalimu anafurahi kwamba Kiswahili chake kimenyooka. Mimi pia nilianza hivyo, na leo nikizungumza na nyumbani kwa simu wananiambia nasema kama redio.

Kwa hiyo nina mapendekezo mawili, na yote yako ndani ya uwezo wetu. La kwanza ni la masomo. Freddy alikuwa na thamani mlimani kwa sababu kulikuwa na mtu aliyehitaji lugha yake kama alivyoisema. Kitivo chetu kina wasemaji wa Kiswahili cha Kongo, na katika kozi za lahaja tunakisoma kwa mifano ya vitabuni huku wasemaji wenyewe wamekaa viti vya nyuma wakijisahihisha. Waitwe mbele. Saa moja kwa juma ya mwanafunzi wa Kivu kuwafundisha wenzake jinsi hapana inavyofanya kazi kwetu itawasaidia wanaisimu, na itamrudishia mgeni cheo ambacho Freddy alikipoteza alipovuka bahari: cheo cha mtu anayejua kitu ambacho wengine hawakijui.

La pili ni la chama cha wanafunzi na walezi wa kitivo. Mgeni akiandikishwa huulizwa jina, nchi, pasipoti na anayelipa ada. Aongezewe swali la mara ya mwisho alipozungumza na nyumbani, na swali hilo lirudiwe kila muhula. Atakayejibu kwamba ni zamani, msaada anaouhitaji unaweza kuwa mdogo: vocha ya simu, barua ya chuo ya kupeleka ubalozini, nauli ya basi mpaka Kigoma na ya boti mpaka Baraka. Ziwa ni lilelile walilovuka akina Tatu, na boti za abiria zipo.